Kaburi la Filamu pale Ushirombo

Ansgar, nimemwona baba.

Zakir wa duka la vitambaa amenitumia kwenye simu ile filamu waliyoipiga Wazungu hapa Ushirombo mwaka 1979. Humo wanadai ni nchi nyingine. Nchi nyingine wapi! Kilima ni kilekile cha nyuma ya misheni.

Kuna mazishi. Maiti, uso wazi, ni baba! Walimchagua aigize maiti. Mimi nilikuwa bado tumboni, na picha yake hatujawahi kuwa nayo.

Nilimwonyesha mama, akasema, "Ndiye Otmar." Kisha akaanza kulia. "Niliwaambia wazike mgomba!"

Unajua kwetu, kaburi likikosa mtu huzikwa mgomba, la sivyo litamwita mtu. Wale Wazungu, baba alipotoka, walifukia shimo tupu wakaondoka. Baba akafa kabla ya mavuno.

Nikataka kuzima. Mama akanidaka mkono. "Tazama kifua, wewe."

Ansgar, kinapanda na kushuka! Wanammwagia udongo, naye anapumua.

"Usizime. Hapo bado mzima."

Nakuandikia kwa simu ya mke wangu. Yangu anayo mama, anairudisha filamu nyuma kila mara palepale, kabla udongo haujamfika baba usoni.