Chupa Isiyo na Lebo

Jumatatu, 3 Machi

Ajabu! Mke wangu amemaliza bakuli zima la supu — kisha akauliza kama imebaki. Tangu saratani iingie kwenye mifupa, chakula kilikuwa kikiingia na kutoka. Morfini humtuliza maumivu lakini humtapisha. Leo kala, kacheka, kaniambia kwamba nakoroma kama trekta. Nimebaki kumtazama kama mgeni.

Mchana Mwenyekiti wa chama chetu cha wafamasia alipiga simu. Alhamisi kamati ya bunge inapokea maoni juu ya muswada wa kuhalalisha bangi na kuidhibiti. Anataka niupinge. Eti mzee kama mimi nikifungua mdomo, wanaouunga mkono watafunga virago. Nimekubali papo hapo. Kazini na baada ya kustaafu, msimamo wangu ulikuwa mmoja tu.

Jumanne, 4 Machi

Nilitafuta sukari, nikapata chupa. Ilikuwa nyuma ya kopo — chupa ya dawa ya kikohozi, lebo imebanduliwa, ndani mafuta ya kijani. Nikanusa. Pua ya mfamasia haistaafu. Bangi! Nyumbani kwangu!

Nilimwita binti yetu, kitinda mimba, ndiye anayemuuguza mama yake. Hakupepesa jicho.

"Baba, mama alikuwa anakwisha mbele yako, na wewe unamsomea karatasi ya vidonge."

Kabla sijajibu, mgonjwa akadakia kutoka kitandani: "Mimi ndiye niliyemtuma. Waite polisi, mume wangu, ila waambie wangoje nimalize kula."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilitafuta kiti.

Jumatano, 5 Machi

Naandika kando ya kitanda chake.

Binti alikuwa kazini. Chupa ya zamani imekwisha. Ameacha nyingine, inafanana kabisa na ile. Maumivu yakampanda mke wangu. Akaniomba mafuta. Ningemnyima vipi? Nikachukua bomba la sindano lisilo na sindano, nikapima kipimo chake kile kile, mafuta yakigusa mstari. Usahihi wa ajabu — wa kitu nisichokijua!

Muda si muda akaanza kuweweseka. Moyo unamwenda mbio. Ananitazama, hanijui! "Wewe nani? Mwite mume wangu." Mungu wangu.

Nilimpigia daktari wake. Akasema nimlaze ubavu, nisimwache peke yake, na kama pumzi ikibadilika nimkimbize hospitali. Kisha akauliza: mafuta yana nguvu kiasi gani?

Mimi! Niliyewafundisha vijana kwamba usitoe dawa kabla ya kujua nguvu yake! Nilimwambia sijui. Binti aliporudi naye hakujua: muuzaji amebadilisha mpishi wa mafuta, basi.

Jioni mgonjwa alitulia. Akaniita kwa jina langu. Nililia.

Ngoja niliweke hili sawa kichwani. Morfini ni kali kuliko mafuta haya, ukiikosea, inaua. Lakini ina kabati lenye kufuli, ina cheti cha daktari, ina nguvu iliyoandikwa, ina mtu wa kuulizwa ikiharibika. Hatukuipa vyote hivyo kwa sababu ni nzuri. Tuliipa kwa sababu ni hatari. Na bangi? Muuzaji wa uchochoroni haulizi umri, hapimi, hajibu. Marufuku haikuondoa chupa nyumbani kwangu. Iliondoa lebo tu.

Nimemwambia binti kwamba kesho sitaupinga muswada. "Baba, una homa?" akauliza.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika daftari likiwa magotini, ndani ya ukumbi wa kamati.

Asubuhi tumepata habari: muuzaji amekamatwa. Simu yake wanayo polisi, na namba ya binti yangu imo. Sheria haichagui — aliyeuza, aliyenunua, aliyempa mgonjwa, wote jela. Binti amenifuata huku, mama yake amebaki na shangazi. Hataki wamkamate mbele ya mgonjwa.

Nilikula kiapo, nikazungumza. Kufuli, kipimo, umri, lebo. Mwenyekiti wetu aligeuka rangi!

Kisha mbunge mmoja, mama wa makamo, akasema: "Shikamoo, mzee wangu. Haya ni ya vitabuni, au kuna mgonjwa uliyempa kwa mkono wako?"

Nikafungua mdomo — kipaza sauti kikazima. Fundi yuko chini ya meza na nyaya zake.

Mwenyekiti wetu ameninong'oneza: "Sema ni vitabu, mzee, yaishe." Nikisema hivyo, hoja imebaki hewani, na mke wangu atarudi kwa muuzaji mwingine asiyemjua. Nikisema kweli, polisi hawatauliza mara mbili chupa ilitoka wapi. Binti yuko safu ya nyuma. Anatikisa kichwa. Hapana, baba. Hapana.

"Moja, mbili," anasema fundi. Taa nyekundu ya kipaza sauti imewaka. Mbunge analirudia swali — polepole, kwa heshima, kama mtu anayedhani sikulisikia.