Kiti cha Malkia

Dada yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua, na shati ulilonitumia limenikaa kama nilipimwa na fundi.

Uliniuliza habari za Mama Pasi, yule mwenzetu wa kiwandani mwenye ugonjwa wa figo. Miguu ilikuwa inamvimba, basi msimamizi akamletea kiti kirefu apige pasi akiwa amekaa. Mimi na mdomo wangu nikakiita kiti cha enzi. Kila asubuhi nilimwinamia: "Shikamoo, Malkia." Kiwanda kizima kikacheka, hata yeye.

Wiki ya pili akakisukuma ukutani. "Kikalieni nyie," akasema. "Mimi nimepona."

Hakuwa amepona, dada. Jumanne alidondoka, na pasi ya moto ikamwangukia mkononi. Vidole havikunjiki tena. Nilikwenda kumwona hospitali, akaniambia, "Ulikuwa utani tu, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Sasa nimewekwa mimi kwenye pasi yake. Kiti kipo nyuma yangu, na hakuna aliyenikataza kukikalia. Nasimama kutwa.

Mdogo wako,
yule uliyezoea kumwambia anyamaze.