Kengele Juu ya Kitanda Changu

Mafubira, Jinja
Jumanne

Mama yangu,

Nakusalimu, na ninakuomba ukae kwanza, maana barua hii si ya kusoma umesimama mlangoni. Goti linasemaje siku hizi? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilisaidia, au uliwagawia majirani kama kawaida yako? Na kifua cha mdogo wetu Asekenye, bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, sijaugua hata malaria tangu Pasaka. Mengine ndiyo nataka kukueleza.

Barua hii anakuletea Mama Nekesa, yule Mkenya muuza mitumba anayepanga nyuma ya ukuta wetu hapa. Alhamisi anakwenda soko la Mbale, na ameniahidi atafika mpaka Namatala akukabidhi mkononi. Kwa simu siwezi. Yangu ilipasuka kioo, natumia ya wifi, naye husimama pembeni akiniangalia mdomo mpaka nimalize, na nikianza lugha asiyoijua hunipokonya. Wewe unauliza, "Mko salama?" nami najibu, "Tuko salama, Mama." Ulitaka nijibu nini?

Nakuandikia kwa Kiswahili kama baba alivyotuzoesha kule kwenye nyumba za askari magereza, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na bila Kiswahili hukupata hata chumvi ya kuazima. Hapa kwa Kaka hakizungumzwi. Wifi anasema ni lugha ya wanajeshi na wezi, hataki watoto wake waisikie. Leo namshukuru kwa hilo. Akiiokota barua hii ataigeuzageuza tu na kuirudisha chini.

Sasa sikiliza. Kaka ameweka kengele mpya ya getini. Najua utasema, huyu mtoto ananichosha macho kwa ajili ya kengele. Vumilia. Neno hilo ulinifundisha wewe, nawe lionje kidogo.

Kengele ya zamani ilikuwa ya betri. Kitufe kilikuwa getini, na ndani kulikuwa na kisanduku chake cha kulia, kidogo kama kipande cha sabuni, ambacho unakiweka popote kwa sababu hakina waya. Nilipofika hapa miaka miwili iliyopita kilikaa juu ya kabati sebuleni. Kikilia, aliye karibu aliinuka. Hata Kaka aliinuka, na fulana yake ya ndani, akaenda kufungua. Wakati huo nilikuwa mgeni. Nilipewa chai kwenye kikombe chenye kisahani. Nilikuwa nangoja chuo kifunguliwe nikasomee ushonaji, kama Kaka alivyokuambia siku ile mbele ya Mjomba, ukamchinjia kuku na kunipigia pasi gauni la safari.

Chuo kilifunguliwa, kikafungwa, kikafunguliwa tena. Kila muhula Kaka alikuwa na sababu, na siwezi kusema zilikuwa za uongo. Wifi alikuwa karibu kujifungua. Kisha mtoto akazaliwa. Kisha msichana wa kazi akarudi kwao Kamuli, tukaambiwa tungoje apatikane mwingine. Sikuona mtu akimtafuta huyo mwingine. Nikapika siku moja kwa sababu wifi amechoka, nikafua ya pili kwa sababu mtoto ametapika, nikadeki ya tatu kwa sababu wageni wanakuja. Hakuna siku niliyoambiwa kwamba kuanzia leo wewe ni mfanyakazi. Ningeambiwa, ningepata pa kukatalia.

Kisanduku nacho kikahama. Kilitoka kabatini kikaja jikoni, karibu na jiko. Baadaye wifi akasema nikienda kufua nyuma nikibebe, wasije watu wakagonga bure. Nikawa nakibana kwenye kamba ya nguo. Ungenikuta ungecheka, Mama, naanika nepi sita na kengele moja. Mimi mwenyewe nilicheka. Nilikuwa bado nadhani ni mambo ya kupita.

Betri zake hazikuwa na adabu. Zinakwisha bila kutoa taarifa, mgeni anabonyeza nje na ndani ni kimya. Mwezi uliopita, Jumapili, mkubwa wa kazini kwa Kaka alikuja kumtembelea, mvua inapiga. Alibonyeza mpaka suti ikalowa, ndipo akapiga simu kusema yuko getini. Kaka alikimbia nje bila viatu. Alipomaliza kumkausha mgeni wake kwa taulo na maneno matamu, alinifuata jikoni akaniuliza kwa nini sikukagua betri. Nilikuwa nakata kabichi. Niliendelea kuikata.

Akaapa kwamba betri basi, ataweka ya waya kama watu wa maana. Akamleta fundi, Msoga mmoja mwenyeji wa huku, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi Kisumu. Alichimba mfereji mwembamba kutoka getini kufuata ukuta, akalaza paipu, akapitisha nyaya mbili ndani yake, akafunga transfoma ndogo pale karibu na mita. Mtu wa kazi safi. Nilimpelekea maji ya kunywa, akafurahi sana kusikia Kiswahili.

Sasa kengele ya waya haibebwi. Ikishafungwa ukutani imefungwa. Kwa hiyo fundi alisimama sebuleni, kisanduku kipya mkononi, akauliza swali la kawaida kabisa, "Bwana, kengere naweka wapi?"

Kaka alikuwa kwenye kochi, anasoma simu. Wifi ndiye aliyejibu, kwa Kiganda. Alisema iwekwe kule nyuma, chumba cha msichana.

Fundi akaonyesha korido kwa kidole, akasema, "Lakini madamu, kwa korido ni mzuri. Watu yote nasikia."

Wifi akasema hapana, kwenye korido itawaamsha watoto, na anayefungua ni yule yule, basi iwe karibu na masikio yake.

Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya chai. Nilimtazama Kaka. Nilimpa muda, Mama, nakuapia. Nilingoja aseme hata, "Chumba cha dada yangu." Aliinua macho, akaniona, akayarudisha kwenye simu. Akamwambia fundi, "Fanya vile madamu amesema." Nina miaka ishirini na sita, na mtu tuliyelala naye mkeka mmoja amesikia naitwa msichana wa kazi na hakukohoa.

Chumba changu hukijui. Nilikuambia ni kidogo lakini kizuri. Ni stoo. Wifi alinihamishia huko mdogo wake alipokuja kutoka Iganga, kwa wiki mbili, na mdogo wake alishaondoka zamani. Kuna kitanda, magunia ya mkaa na pasi mbovu. Ukuta wenye nafasi ni mmoja tu, ule wa kichwani. Fundi akapanda juu ya kiti, akaanza kutoboa, vumbi la tofali likaanguka kwenye mto wangu.

Akaniuliza, "Wewe ni wa wapi?"

Nikamwambia, "Mbale. Mwenye nyumba ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Akazima mashine. Akanitazama kutoka kule juu, kisha akautazama mkaa. "Mimi nakwenda kuongea na bwana?"

Nikasema, "Hapana. Maliza kazi yako."

Akapangusa mto kwa mkono wake mwenyewe, akamaliza. Nilisikia aibu kuliko nilivyowahi kusikia, na aliyenitia aibu hakuwa yeye.

Jioni Kaka akataka kuijaribu. Akatoka nje, akafunga geti, akabonyeza. Mama, inalia kama sufuria zimeanguka. Nikatoka, nikapita uwanjani, nikafungua. Kaka amesimama nje anatabasamu kama mtoto. "Inafanya kazi!" Akaniambia nifunge tena. Nikafunga, nikarudi ndani, ikalia, nikaenda kufungua. Akasema mara ya mwisho, kuhakikisha. Nikafunga. Nikarudi, nikakaa kitandani. Ikalia. Nikaendelea kukaa. Ikalia tena, na tena, kisha akawa ameweka kidole hatoi. Nilikuwa naitazama tu pale juu, meno yameniuma kwa kuyabana.

Alifunguliwa na mke wake. Akaja mpaka mlangoni kwangu na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akaniongelesha Kiswahili, kile cha kwetu, cha kambini.

"Wewe iko na shida gani? Hausikii?"

"Nasikia. Mimi nani hapa, Kaka?"

"Usilete mambo. Kila mtu hapa iko na kazi yake."

"Yangu ni kengele?"

"Amongin, mimi nakulisha. Nakulaza. Ulitaka nini tena?"

"Ushonaji. Ulimwambia Mama ushonaji."

Akatazama chini. Nilidhani ameona haya. Kisha akasema polepole, bila hasira, na ndiyo sababu nimechukua kalamu, "Kama wewe nachoka, rudi. Asekenye iko tayari. Mimi naongea na Mama, Mama nakubali. Jumamosi hii ingine naenda kumchukua."

Basi nikajua. Nikajua kwa nini uliniuliza kwenye simu kama hapa kuna vyandarua vya kutosha. Nasikia umeshamnunulia sanduku. Nasikia ameambiwa atasomea uuguzi. Kwangu ilikuwa ushonaji, kwake uuguzi, mdogo wetu amepandishwa cheo.

Tangu kengele hii iwekwe umeme umekatika mara nne, katika mji huu huu wanaotengenezea umeme. Ukikatika, kengele ya waya haina maisha, si kama ile ya betri. Wifi ameona dawa yake. Umeme ukienda natakiwa nichukue kiti nikakae karibu na geti. Jana nilikaa pale tangu saa nane mpaka magharibi, nachambua mchele, na watu wanaopita wananisalimu kama askari wa lindo.

Mama, nimekasirika, na sitaki nikufiche kwamba nimekukasirikia hata wewe. Krismasi nilipokuja nilikuambia. Tulikuwa tunachambua maharage, ukumbuke. Nilikuambia napika, nafua, silipwi, sisomi. Ukasema, "Vumilia, ni nyumba ya kaka yako." Halafu siku ya ibada nikakusikia ukiwaambia wanawake wenzako kwamba mwanao Jinja ana geti la chuma na binti yako anaishi naye kama malkia. Sikukusuta. Niliona jinsi ulivyokuwa na furaha. Nilijua maisha uliyopitia baada ya baba kufariki, na mabati mapya aliyokuwekea Kaka, na jinsi usivyotaka kumuudhi. Lakini furaha yako hiyo ilinirudisha huku, na sasa inafunga sanduku la Asekenye.

Usinijibu kwamba mwenyewe anataka kuja. Hata mimi nilitaka. Nilikaa dirishani toka alfajiri nikimngoja Kaka aje anichukue.

Ninachotaka ni hiki. Jumamosi akija, mkatalie wewe, kwa mdomo wako, na Asekenye akisikia. Usimtume Mjomba, usisingizie kifua. Atakasirika, labda atakaa miezi bila kukupigia. Mkatalie hivyo hivyo. Ukimkatalia, siku hiyo hiyo mimi natoka hapa. Mama Nekesa amesema nianze naye sokoni, nilale kwake, na ana cherehani asiyoijua kutumia. Siwezi kutoka kabla, kwa sababu nikitoka leo Kaka atakuja Mbale kesho amchukue Asekenye, nawe nakujua, utampa.

Na ukimkubalia, Mama, basi sitatoka. Nitabaki hapa nimngojee. Watafika, Kaka atabonyeza, itanililia kichwani, na mimi ndiye nitakayekwenda kufungua. Nitamkuta mdogo wangu pale nje na sanduku lake jipya, ananichekea. Nitamwambia geuka, rudi ulikotoka, humu huingii. Atalia, atadhani simpendi. Usinifanye nimfukuze getini mtoto niliyembeba mgongoni.

Nisalimie Mjomba Ekisa anayeshona viatu kule Nabuyonga, mwambie bado nadaiwa naye soga za mwaka jana. Nisalimie shangazi aliyelazwa, na Mama Wanyenze jirani yetu anayepika malewa ya mianzi, na mwalimu wa kwaya, sauti yangu bado ipo ingawa haina pa kuimbia. Asekenye mpe barua hii aisome yote, asirukie mahali. Kaka hakutumii salamu, hajui kama naandika.

Mama Nekesa analala Mbale, anaondoka Ijumaa asubuhi. Si lazima uandike. Mwambie ndiyo au hapana, naye ataniletea.

Nangoja neno lako,
binti yako,
Amongin