Mwisho Alionisimulia Binti Yangu

Kawasaki, tarehe 24 Novemba. Ni wiki ya tatu tangu niondoke nyumbani Akita, huko kaskazini.

Mpendwa Mama Horiuchi wa safu ya ushauri, naomba unisaidie katika jambo ambalo nikiwaeleza wenzangu hapa bwenini watanicheka, na wewe ukicheka sitakulaumu, maana linaanzia kwenye kipindi cha watoto cha televisheni. Mimi ni mfunga nondo, nina miaka sitini na tano, shule niliiacha mapema kwa hiyo nisamehe nikiandika kama ninavyozungumza. Nyumbani nalima mpunga, na kila mwaka mavuno yakiisha na theluji ikikaribia nashuka huku kufanya kazi za ujenzi, narudi Aprili, ndivyo alivyofanya baba yangu na ndivyo walivyofanya wanaume wote wa kwetu. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, nimebaki na binti mmoja, nimwite Chizuru hapa gazetini ingawa silo jina lake, ana miaka arobaini kasoro, hajaolewa, anauza katika duka la ushirika na anaishi kwenye nyumba yetu.

Chizuru alipokuwa na miaka minane, kila Ijumaa jioni kulikuwa na kipindi kinaitwa Kikosi cha Vimulimuli. Ni vijana watano, kila mmoja na nguo ya rangi yake na kofia ya kufunika uso, wanapigana na dubwana, dubwana linashindwa, halafu linafufuka likiwa refu kama ghorofa na wao wanaingia ndani ya roboti lao kulimaliza. Vipindi vya namna hii huanza Februari na kuisha Februari inayofuata, kisha kinakuja kikosi kingine. Sasa fikiria, mama, mtu anayekuwa nyumbani kuanzia Aprili mpaka mpunga uvunwe. Mwanzo sikuuona, nikaangalia katikati, na mambo yalipoanza kupamba moto mimi nikafunga begi. Hakuna mwanaume wa kwetu wa rika langu aliyewahi kuona mwisho wa kikosi chochote. Tulikuwa tunataniana kwamba kwetu sisi dunia haijawahi kuokolewa.

Chizuru alimpenda Njano. Huyo alikuwa msichana ambaye baba yake alikwenda upande wa pili wa anga kuulinda Mlango wa Mwanga ili madubwana yasipite, na karibu kila wiki kuna mahali msichana anasimama kuangalia juu. Binti yangu alikuwa anasimama naye mbele ya televisheni, mama yake anamwambia kaa chini unatuziba. Mwaka ule nilipoondoka nilimwambia anisimulie zilizobaki kwa simu, na kila Jumapili jioni nilipanga foleni kwenye simu ya umma nje ya bweni, wakati ule hakuna mwenye simu ya mfukoni.

"Baba, Ijumaa Njano ameumia mkono lakini amepigana."

"Amepigana kwa mkono gani sasa?"

"Kwa ule mwingine, baba. Unasikiliza kweli?"

Nyuma yangu watu wananisukuma. "Bwana, malizana na Vimulimuli wako, wengine tunasubiriwa na wake zetu."

Ilipofika Februari akaniambia kipindi kimekwisha. Nakumbuka vizuri kwa sababu siku hiyo alizungumza polepole.

"Baba yake Njano karudi."

"Karudi? Na mlango analinda nani?"

"Mlango wameufunga kabisa. Akatoka, akavua viatu, akaingia ndani, wakala supu ya kuku na vijiti vya wali. Akasema hatoki tena."

"Afadhali," nikamwambia. "Na wewe umekula?"

Akasema amekula, nikampa mwenzangu simu. Vijiti vile vya wali wa kuponda na kuchoma ni chakula chetu sisi watu wa Akita, na mtu mwenye akili angejiuliza tangu siku ile ni nani huko Tokyo anayewalisha mashujaa wake supu ya kwetu, lakini mimi sikujiuliza. Niliporudi Aprili kikosi kipya kilikuwa kimeshaanza na hatukuzungumza tena habari ya Njano.

Basi, juzijuzi hapa bwenini kuna mpiga lipu kutoka Aomori anaitwa Sasamori, amevipata vipindi vile vyote kwenye simu yake, akaviunganisha na televisheni ya ukumbi wa kulia chakula. Jumapili mvua inanyesha, hatuna kazi, tumeshaoga, nikamwomba aanzie sehemu ya thelathini na nane, pale nilipoachia. Nakwambia ukweli, mama, nilifurahi kama mtoto. Ukiwa mtu mzima unaona kwamba kila mara wanapigana kwenye machimbo yaleyale ya kokoto, na unamwona fundi aliye ndani ya vazi la dubwana anavyotafuta mahali laini pa kuangukia. Dubwana likivunja ghorofa, Sasamori anasema, "Angalia, halina hata nondo moja, ndiyo maana linaanguka. Mkandarasi akamatwe." Tulicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia.

Halafu tukafika karibu na mwisho. Njano anaufikia Mlango wa Mwanga, baba yake yuko upande wa pili, anamwona lakini hawezi kumgusa, na baba anamwambia akitoka yeye mlango hautajifunga, kwa hiyo atabaki. Anaweka kiganja kwenye mwanga, msichana anaweka chake juu yake, mlango unajifunga. Basi. Msichana anarudi kwa wenzake, wanatembea wote kwenye yale machimbo, na jina la kipindi linatokea.

"Mzee," Sasamori akasema, "watu wa kofia za plastiki wanakuliza?"

"Mvuke wa supu," nikamwambia.

"Supu ilikwisha saa sita, mzee."

Jumapili iliyofuata nikaziangalia tena sehemu zile za mwisho, na jana tena, nikidhani labda kuna mahali baba anarudi na mimi nilisinzia. Hakuna. Hakuna viatu, hakuna supu. Mtoto alitunga mwenyewe, na mimi nimeishi na uongo ule karibu miaka thelathini nikiupenda. Sijui alikuwa ananihurumia au alikuwa ananichezea.

Sasa sikiliza kinachonikosesha usingizi. Jana hiyohiyo Chizuru kanipigia. Kasema, "Baba, Mwaka Mpya huu usikae huko. Nimeipata Vimulimuli yote. Tuangalie zile ulizokosa." Nikamwambia nitaona kazi inavyokwenda. Akasema, "Zile za mwisho hasa, baba." Kisha akaniambia theluji imeanza mapema, nisiwe na wasiwasi, paa atalipanda mwenyewe kuiondoa isije ikaliangusha, kama miaka hii mingine.

Na msimamizi wetu, Osanai, anangoja jibu langu. Kila Mwaka Mpya mimi ndiye ninayebaki kulinda jengo wenzangu wakienda kwao, nimefanya hivyo miaka mingi na yeye ameshazoea, mwaka huu ameniuliza kwa kutimiza desturi tu. Nafikiria kumkubalia. Nikienda nyumbani nitakaa karibu na binti yangu, yule baba atabaki ng'ambo ya mlango mbele ya macho yetu sote wawili, na Chizuru atajua kwamba nimejua alinidanganya. Ana aibu nyingi kama mama yake, ataweza kukaa wiki nzima bila kuniangalia usoni. Mimi nami sijui kuigiza. Je, nimwambie kwa simu kwamba nimeshaziona, tuyamalize tukiwa mbali? Au nikae huku kimya, jambo lijifie lenyewe? Naona kukaa ndiyo heri kwake.

Mambo yakienda kama kila mwaka, natarajia kurudi nyumbani tarehe 5 Aprili, theluji ikiwa imeondoka mashambani.

Mfunga Nondo, Kawasaki

*

Mshauri anajibu:

Baba Chizuru, nimecheka mara moja tu, pale pa ghorofa lisilo na nondo. Mengine nimeyasoma nikiwa nimeshika shavu.

Umeniandikia habari ya mtoto aliyekudanganya. Hebu irudie barua yako taratibu, kama ulivyozirudia zile sehemu za mwisho. Mtoto wa miaka minane ameona kwenye televisheni baba akibaki ng'ambo ya mlango. Siku mbili baadaye simu inalia, na anayeuliza habari za huyo baba ni baba yake mwenyewe, aliye mbali vilevile. Ulitaka akwambie nini? Akamtoa yule mtu kwenye mwanga, akamvua viatu mlangoni kwenu, akampakulia supu ya mama yake, halafu akamtia maneno mdomoni, hatoki tena. Alikuwa anakuomba, bwana. Alikuomba kwa njia aliyokuwa nayo, na wewe ukamwuliza kama amekula.

Sikugombezi kwa hilo. Ulikuwa umesimama kwenye baridi, mgongo unauma, watu wanakusukuma, na shamba peke yake halikuwa linawatosha. Hata mwenye masikio makali angepitwa. Nakugombeza kwa ya mwaka huu.

Unasema unabaki Kawasaki ili kumwepusha binti yako na aibu. Nani amezitafuta hizo sehemu za mwisho? Nani anajua kilichomo ndani yake tangu utotoni? Nani kakwambia "zile za mwisho hasa"? Angekuwa anaogopa kugunduliwa, angekualika muangalie mieleka. Huyu mwanamke ameamua kukuketisha mbele ya mlango ule, akiwa karibu nawe, uone mwenyewe alichokiona akiwa peke yake. Limemkaa moyoni miaka yote, sasa amepata njia ya kulitoa, na wewe unatafuta kibanda cha mlinzi cha kujifichia. Mwenye aibu hapa ni wewe. Ya Chizuru mwachie mwenyewe.

Tena umenitajia paa kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kila majira ya baridi tunaandika gazetini habari za watu walioteleza wakiondoa theluji, na wengi wao walikuwa juu peke yao, hakuna wa kushika ngazi. Wewe unapanda vyuma kila siku, unajua mtu hapandi peke yake. Pale kazini ungemfukuza anayefanya hivyo. Nyumbani kwako umeacha iwe desturi.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi, mkimaliza yale mazoezi ya viungo mnayofanya ninyi wajenzi kila siku kabla ya kuanza kazi, mfuate Osanai akiwa bado hajashika simu yake. Mwambie, "Mwaka huu sitalinda." Akiuliza kuna nini, mwambie kuna theluji. Usiongeze neno, maana watu wa aina yako wakianza kujieleza huishia kukubali. Atatafuta mwingine, na wewe utashangaa jinsi atakavyompata upesi. Mchana huohuo nunua tiketi ya treni, za kaskazini hujaa mapema kabla ya Mwaka Mpya, na usiniambie baadaye kwamba nafasi zilikwisha.

Kisha mpigie Chizuru. Kwa simu usimwambie umeshaziona. Akikuuliza, mwambie ndiyo, asipouliza, nenda ukae. Fika mchana kuna mwanga, siku ya kwanza mpande paa, mmoja juu na mmoja kwenye ngazi. Mkishamaliza, mkaoga, mkakaa miguu ikiwa chini ya meza ya joto, ile yenye blanketi, mwambie awashe.

Mkifika pale mlango ule unapojifunga, acha televisheni. Mwangalie binti yako. Akilia, mwache alie, akikwepa macho, sogeza chai karibu naye. Usimwulize kwa nini alidanganya, neno hilo usilitamke ndani ya nyumba ile. Subiri jina la kipindi litokee, halafu mwambie, "Mimi nilisimuliwa mwisho mwingine. Nisimulie tena ule." Atakusimulia. Na baada ya hapo atakuwa na mengine, kuhusu wewe, kuhusu mama yake, kuhusu majira ya baridi yajayo na haya mambo ya kwenda na kurudi katika umri wako. Sitakupangia utakavyomjibu. Msikilize mpaka amalize. Safari hii hakuna foleni nyuma yako.

Na ile tarehe uliyomalizia barua, nimeiacha ichapwe kama ulivyoiandika ili uione gazetini ilivyo mbali. Wewe utafika Akita tarehe 28 Desemba. Mwambie Chizuru atafute kuku mzuri, vijiti vya wali utachoma wewe.