Kijiko Chenye Meno

Ijumaa jioni. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika, na mimi moyo umetulia kama wa mtu aliyelipiza kisasi.

Maana nimelipiza.

Kijiko changu kimerudi. Baba alininunulia sokoni Mwigobero, kwetu Musoma, nilipokuwa naolewa kuja huku Bunda. Kina tumbo la kijiko, mbele meno ya uma, na ubavu mmoja unakata kiazi bila kisu. Baba alikuwa mpishi wa meli, akaniambia mwenye hiki hahitaji vingine. Kwa ugali hakina kazi, mkono ndio mkono. Lakini shambani, umesimama, bakuli mkono mmoja, unachota mchuzi, unadunga kiazi, humwombi mtu kitu. Nilikuwaga nakula nacho makande kwenye shamba la ujamaa, najisikia bado binti wa Kitaji, mtaa wetu wa mjini.

Mama Wegesa hakupenda. Ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na ni mke wa mwenyekiti wa kijiji. Mwezi uliopita alisimama mkutanoni akasema, "Wenzake tunakula kwa mikono, yeye anakula kibepari." Watu wakacheka. Mwenyekiti akanyoosha mkono, nikampa kijiko. Akasema kitakaa ofisini.

Mume wangu aliangalia chini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Leo bwana shamba alikuja kukagua pamba, akaalikwa kula kwa mwenyekiti. Wifi akaniita nikapike wali, eti sisi wa Musoma tunajua mapishi ya wageni. Nikapika wali, kuku, viazi, mchuzi mzito. Kweli kabisa, sikuwa na nia mbaya. Naingia na bakuli la mchuzi, namwona wifi anafungua sanduku lake la nguo, anafunua kanga, anatoa kijiko changu. Akakifuta, akampa mgeni kwa mikono miwili.

Sandukuni kwake. Ofisini wapi!

Mgeni akakigeuzageuza, akafurahi. "Mama, kitu kizuri hiki. Umekipata wapi?"

Wifi akafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Ni changu, ndugu. Nilinyang'anywa mkutanoni, wifi alisema ni cha kibepari. Kumbe alikuwa ananitunzia."

Nilisema polepole, natabasamu. Mgeni akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama kuku. Yule bwana akakisukuma kijiko upande wangu, akaomba maji ya kunawa, akala kwa mkono. Wifi alikaa karibu na mlango, ameinamia sahani yake. Nikamwongezea mchuzi, nikamkaribisha ale.

Nilifurahi. Niseme ukweli: nilifurahi kupita kiasi.

Njiani mume wangu akasema, "Umemwaibisha dada yangu nyumbani kwake."

Nikamuuliza, "Na wewe ulikuwa wapi nilipoaibishwa mimi mbele ya kijiji kizima?"

Akakaza mwendo. Tangu turudi yuko nje anachonga mpini wa jembe, na jembe lina mpini mzima. Labda ataingia aombe msamaha, labda atanuna wiki nzima. Sitamfuata.

Kesho tunapalilia pamba, mimi na wifi mstari mmoja. Ni mkubwa wangu, sijawahi kupita mbele yake bila kumwamkia tangu nilipoolewa.

Kesho aisubiri hiyo shikamoo mpaka jua lizame.