Sauti ya Musumari

Kisangani, 3 Machi 1956

Tonton Lambert, mjomba wangu,

Mbwa wangu Musumari alipoteza sauti na kilo mbili huko kwako Opala. Alirudi hapa tarehe 11 Februari akiwa bubu. Nilikuachia mbwa wa kilo nane, miaka tisa, meno yote kinywani. Kila mwezi namupima kwenye mizani ya mchele, namutoa funza, simupi mifupa ya kuku. Miaka tisa haikuja kwa bahati.

Dereva aliyemurudisha alinipa maneno yako: "Mwambie Odile mbwa wake alikuwa mugonjwa, kelele muchana kutwa! Nimemunywesha mizizi."

Tonton! Mbwa wenu wa kuwinda hawabweki, ndio maana munawafunga kengele shingoni. Wangu ni foxi, mbwa wa kizungu. Kubweka ndiyo afya yake.

Bon, Mungu iko. Jana asubuhi alimubwekea mutu wa posta mara kumi na nne. Nilihesabu huku nalia. Amefika kilo saba na nusu.

Lakini binti yake, Sindano, angali kwako, naye anabweka. Ulimunywesha yeye pia? Andika ndiyo ao hapana, na jibu linifikie kabla ya Jumamosi tarehe 17, siku dereva anarudi kwenu.

Odile