Maboya Niliyoyapaka Mawese

Jumanne, Mpanda. Jua limewaka tangu asubuhi na bati linalia juu ya kichwa changu.

Kuna jambo nimelificha miaka kumi na tatu. Nimelificha kwenye kitubio, nimelificha msibani, nimelificha hata hapa kwenye blogu, ambako nimejifanya mzee asiyeogopa kusema kweli. Daktari ameniambia moyo umechoka na figo zinaufuata. Basi leo nalitoa.

Asubuhi nesi alikuja kunibadilishia mpira wa mkojo. Akaiona mipira ya akiba nimeiweka dirishani.

"Babu, hii haikai juani. Jua linaila, halafu inapasuka."

Nikacheka hadi nikakohoa. Akadhani akili imeanza kuhama.

Kuambiwa hivyo mimi! Mimi niliyefundisha sayansi maisha yangu yote, niliyewaeleza watoto kwa nini pazia la darasani lilipauka upande wa dirisha tu.

Nilipostaafu nilihamia Kapalamsenga, kando ya ziwa, nikanunua boti ya injini. Nahodha wangu alikuwa Yustino, mume wa dada yangu Anastazia. Maboya ya kuvaa niliyaanika juu ya paa la banda mwaka hadi mwaka, nikisema nayakinga na ukungu. Jua likayala. Rangi ya chungwa ikawa kama maziwa yaliyoharibika. Kitambaa kikawa kinaacha unga mkononi. Vile vifungo vya plastiki vya kubana kifuani vikapata nyufa nyembamba kama nywele.

Kule ziwani mawese hayakosekani nyumbani, na wenye boti tulikuwa na dawa yetu: unachovya kitambaa kwenye mawese, unasugua boya, rangi inarudi. Linang'aa kuliko jipya. Nikasugua maboya yote. Nikasugua na mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini, uliokuwa umekakamaa na kuchanika-chanika. Nao ukang'aa.

Nilijua mafuta hayarudishi nguvu ya kitu. Nilijua.

Alfajiri moja Yustino alinusa boya lake akaniangalia. "Mwalimu, hili ni boya au kitoweo? Samaki watanifuata hadi Ikola."

"Rangi si imerudi?"

"Rangi imerudi, shemeji. Boya lenyewe je, limerudi?"

Nilimjibu kwa kiburi cha chaki: "Wewe endesha. Mambo ya kusoma niachie mimi."

Alfajiri hiyo alikwenda Ikola peke yake kuchukua nyavu. Ufukweni tulikuwa wawili tu. Mchana upepo ukachafuka. Boti ilikutwa imepinduka karibu na miamba, mpira wa mafuta umepasuka mahali nilipopapaka vizuri zaidi. Injini ilikuwa imemzimikia katikati ya mawimbi. Mwili wake tuliupata siku ya pili.

Boya lake nililiona mimi kabla ya mtu mwingine, limenasa kwenye matete. Lilikuwa tupu. Kifungo cha kifuani kilikuwa kimekatika vipande viwili, kikavu kama ganda la karanga. Nililikunja chini ya koti, nikaenda kulichoma nyuma ya banda. Mawese yalifanya liwake haraka. Moshi wake bado ninao kooni.

Watu walipouliza, nilisema sentensi moja: Yustino alikataa kuvaa boya.

Waliamini mara moja. Alikuwa mbishi, kila mtu alimjua. Padri akaitumia habari hiyo kwenye mahubiri ya mazishi, juu ya mtu asiyesikia. Nikainamisha kichwa pamoja na wengine.

Anastazia ndiye anayeniuguza sasa. Ananipikia uji, ananigeuza kitandani, ananifulia mashuka. Nikikataa kula ananisimanga, "Kaka, kunywa! Usiniletee ukaidi wa marehemu." Wanawe wakikosea anawaambia, "Nyie mna kichwa cha baba yenu, kitawaua." Hakuolewa tena. Hajawahi kuagiza misa ya kumbukumbu ya mumewe. Anasema mtu aliyechagua kuwaacha watoto kwa ubishi hastahili kuombewa na yeye.

Nimemsikia akisema hivyo mara nyingi, na kila mara nimeomba niongezewe uji.

Mtanihukumu, wasomaji wangu. Mko sawa. Lakini sikuandika haya kwa ajili yenu kwanza. Nimemwita Anastazia aache sufuria aje akae hapa kwenye kiti. Anafuta mikono kwenye khanga, ananung'unika kwamba ugali utaungua. Nitamsomea yote kabla sijabonyeza kitufe, na asipotaka kunigusa tena, mashuka yatanivumilia.

Sentensi ya mwisho nimeiacha kwa ajili yake.

Dada, Yustino hakukataa: alivaa boya alfajiri ile, na kifungo nilikibana mimi kwa mikono yangu hii, nikiwa naziona nyufa.